Maua ya Bilauri Yasifike Mdomoni

Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tungezungumza habari za kushona mapazia. Naomba radhi, ndugu msomaji; mapazia yatangoja. Nimerejea majuzi kutoka Bariadi, nilikokwenda kumjulia hali shangazi yangu, na jambo nililolikuta mezani kwake limenifanya nione kwamba haifai kulikawiza hata juma moja.

Shangazi anakaa Somanda, katika nyumba ambayo marehemu mumewe aliijenga kwa fedha za pamba, msimu kwa msimu, chumba kwa chumba. Nilifika asubuhi. Kabla sijatua mkoba alinipokea kwa "Mwangaluka" yake ya siku zote, nami nikamwitikia kwa Kisukuma changu kilichochakaa kwa kukaa mjini. Halafu nikainua macho. Juu ya meza ya chakula, juu ya kabati, juu ya magazeti yaliyotandikwa sakafuni, palikuwa na bilauri tupu. Nilizihesabu baadaye: zilikuwa 60 kamili. Kila moja ilikuwa imechorwa maua mekundu yenye kiini cha manjano, majani ya kijani, na vitumba vya pamba vilivyopasuka vikionyesha weupe wake. Mdomoni mwa kila bilauri ulizunguka ukanda wa manjano kama mkufu shingoni mwa bibi arusi.

"Ni za arusi," shangazi alisema. "Kamati imeagiza dazeni tano. Arusi ni baada ya wiki nne. Wanataka kila mgeni wa meza kuu na wazee wa pande zote mbili wanywee humo, kisha waende nazo nyumbani ziwe ukumbusho."

Nilikaa nikazitazama moja moja. Sikuwa najua kwamba shangazi ana mkono wa namna ile. Aliyemfundisha, kwa maneno yake mwenyewe, ni chupa. Katika Nane Nane ya mwaka 2019, sherehe hizo zilipofanyika kitaifa pale Nyakabindi, alinunua chupa ndogo iliyochorwa twiga na ndege kwa mtindo wa Tingatinga. Aliiweka dirishani, akawa anaitazama kila anapochambua mchele, hata siku moja akatoka kwenda dukani kununua brashi.

Haikuwa ajabu achaguliwe na chupa ya namna hiyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na rangi za wasanii zinazouzwa katika maduka ya watu wenye fedha. Alichukua mbao laini za kiwandani, zile za kupigilia dari, akazipaka rangi ya mafuta inayong'aa, ileile inayopakwa baiskeli na milango. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na hadi leo wenye ufundi huo huchora si mbao na turubai peke yake bali hata sinia, sahani na chupa. Rangi ile hukauka ikawa ngumu, hung'aa, na kopo moja dogo hukaa muda mrefu. Kwa mtu wa kipato kidogo hiyo ni sifa kubwa.

Na huko Usukumani kwenyewe kuchora si jambo la kuletwa. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika, michoro iliyokuwa ndani ya nyumba zao za kufundishia wanachama wapya. Pale Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, ipo Makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padre David Clement, na mtu anayepita huko ataona jinsi wazee walivyopenda kupamba ngoma, viti na kuta. Shangazi hajafika Bujora. Lakini katika zile bilauri 60 ziko nne alizozichorea chatu badala ya maua, amejizungusha mara tatu kutoka kitako hadi kati. Nilipomwuliza alicheka akasema hizo ni za wajomba wa bwana arusi, ambao ni watu wa ngoma, nao hawatakunywa katika maua.

Sasa nije kwenye hesabu, maana shangazi ni mtu wa daftari. Bilauri nyeupe alizinunua shilingi 15,000 kwa dazeni, jumla 75,000. Rangi, brashi, tapentaini na spiriti vilimgharimu 38,000. Kamati imekubali kulipa 3,500 kwa kila bilauri, yaani 210,000. Mtoe gharama, abaki na 97,000. Ndugu msomaji wa mjini waweza kuiona fedha hiyo ni ndogo. Lakini mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga, ni mkoa wa pamba, na fedha ya pamba huja mara moja tu kwa mwaka, soko linapofunguliwa baada ya mavuno. Mwenye pamba huvuna mara moja na kula mara elfu. Shangazi ana wajukuu wawili anaosomesha, na shilingi 97,000 zinazoingia wakati ambao pamba bado iko shambani si sawa na 97,000 za mwezi wa mavuno.

Nilikuwa katika kumsifu aliponiletea maji ya kunywa. Aliyamimina katika bilauri ya kwanza kabisa aliyojifunzia, ya miezi mitano iliyopita. Nikaipeleka mdomoni, nikasita. Ule ukanda wa manjano ulikuwa umeliwa. Upande mmoja ulikuwapo, upande mwingine umebaki madoa, na palipobaki rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Nani anainywea hii?" nikamwuliza.

"Huyu mdogo. Haitaki nyingine. Analia mpaka apewe yenye maua."

Lazima nieleze kwa nini moyo ulinipiga. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilipewa zawadi ya bilauri sita zenye maua mdomoni, zilizonunuliwa kwa mchuuzi. Katika mwaka mmoja maua yote yalikwisha. Nilidhani yamekwisha kwa kuoshwa. Siku moja nikamkuta mwanangu, wakati huo ana miaka miwili, ameng'ata ukingo wa bilauri na kipande chekundu cha rangi kiko kwenye ulimi wake. Nilikitoa kwa kidole. Vilivyotangulia hicho sikuvitoa, na sijui vilikuwa vingapi.

Kwa nini rangi ikubali kushika mlangoni miaka kumi na ikatae kushika kwenye bilauri miezi mitano? Mbao zina vinyweleo. Rangi huingia humo ikatia mizizi. Bati nalo fundi hulipiga msasa kwanza. Kioo ni kiwambo kitupu, hakina tundu wala mkwaruzo, na rangi hulala juu yake kama mgeni aliyelala sebuleni, yu tayari kuondoka. Ongeza mafuta ya vidole, maji moto na sabuni kila siku, meno ya mtoto, na yule msichana wa kazi anayesugua kila kitu kwa stilwaya, utaona kwamba miezi mitano ni mingi.

Hapa pana jina linalowachanganya wengi, nalo ni enameli. Zile sahani, mabakuli na sinia za bati zenye maua, ambazo bibi zetu walizipanga ukutani na ambazo mpaka leo zinauzwa, nazo husemwa kuwa ni za enameli. Enameli hiyo ni unga wa kioo uliopakwa juu ya chuma kisha ukatiwa tanurini kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Sentigredi, ukayeyuka na kushikamana na chuma. Ndiyo maana maua ya sinia ya bibi yangali mekundu, na sinia yenyewe ikianguka hupasuka vigae kama chombo cha kioo. Kiwanda kinachochora bilauri nacho hutumia unga wa kioo wenye rangi na kuuchoma kwenye nyuzi karibu 600. Rangi ya mafuta ya kopo, hata ikiandikwa enameli kwa herufi kubwa, haina unga wa kioo ndani yake. Ni utomvu na mafuta yanayokauka kwa hewa. Imeazima jina kwa sababu inang'aa.

Lakini kubanduka peke yake kungekuwa hasara ya urembo tu, na nisingelihairisha mapazia kwa ajili yake. Linalotisha ni madini ya risasi. Kwa miaka mingi viwanda duniani vilitia risasi katika rangi za mafuta kwa sababu mbili: ilisaidia rangi kukauka upesi, na mchanganyiko wake na kromu ulitoa manjano na mekundu makali yasiyofifia kwa jua. Kwa hiyo katika makopo yote, la manjano ndilo la kushukiwa kwanza. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima, na inakomharibu hasa ni ubongoni. Hakuna homa wala upele. Mama huona tu mtoto mzito wa kujifunza, akadhani ndivyo alivyoumbwa. Kwa sababu hiyo petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara mwishoni mwa mwaka 2005, na kwa sababu hiyo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linazihimiza nchi zote zisiruhusu rangi yenye risasi zaidi ya sehemu 90 katika kila sehemu milioni.

Wala tusiseme mambo haya ni ya wachoraji wa uani tu. Juni 2010, huko Marekani, kampuni ya McDonald's ilizirudisha bilauri milioni 12 zenye picha za filamu ya watoto ya Shrek, baada ya kuonekana kwamba rangi ya picha hizo ilikuwa na kadimiamu, madini mengine yenye sumu. Bilauri hizo zilitengenezwa kiwandani, kwa mashine, na watu wenye maabara.

Nikamwomba shangazi anionyeshe makopo yake. Alileta matatu yaliyofungwa vizuri: jekundu, jeupe na la kijani, yote yana jina la kiwanda, alama ya ubora ya TBS na maneno kwamba hayakutiwa risasi. Nikapumua.

"Na manjano?"

Manjano ilikuwa katika chupa ya soda. Ilikuwa rangi ya kupima. Dukani kopo zima lilikuwa ghali kwa kazi ya ukanda mwembamba, kwa hiyo mwenye duka alimpimia kutoka pipa. Pipa la nani, la mwaka gani, lilitengenezwa wapi, halikuwa na karatasi wala maandishi. Na ukanda ule wa mdomoni, katika bilauri zote 60, ulikuwa wa rangi hiyo.

Tulinyamaza kitambo. Kisha shangazi akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya mtoto aliyemlea: "Mwanangu, hao watu wanataka manjano ifike juu. Bila ule ukanda wataona bilauri imeachwa nusu. Na mimi fedha ya rangi nimekwisha kuitumia."

Sikuwa na jibu la kuupinga ukweli wake. Nilichoweza kusema ni kwamba sijui kama rangi ile ina risasi, naye hajui, na hakuna atakayejua bila kuipeleka maabara. Na kwamba katika bilauri 60 zitakazokwenda nyumba 60, nyingi zitaishia mikononi mwa mtoto asiyetaka nyingine. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa amekaa kizingitini. Akainuka, akaichukua ile bilauri ya kwanza mezani, akaifunga katika gazeti.

Basi tuliifanya kazi ya siku mbili. Naieleza kwa kirefu kwa sababu huenda msomaji naye ana bilauri za kurekebisha. Tulikaa nje, chini ya mwembe, mbali na jiko, maana tapentaini hushika moto upesi. Wajukuu tuliwapeleka kwa jirani. Rangi inayoshukiwa haipigwi msasa mkavu wala haikwanguliwi ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake ndilo baya kuliko yote. Tuliilowesha kwanza kwa kitambaa chenye tapentaini, tukasubiri ilainike, ndipo tukaikwangua taratibu kwa wembe, tukipokea makombo juu ya gazeti bichi. Kwa kila bilauri tuliweka alama kwa kalamu ya nta, milimita 20 kutoka mdomoni. Kipimo hicho sikukibuni; ndicho kinachotumiwa katika nchi zinazopima vyombo vya kunywea, kwa kuwa hapo ndipo midomo ya mnywaji hugusa. Kwa mkono wa shangazi ni upana wa kidole gumba. Kila kilichovuka alama kilitoka, hata ncha za petali nyekundu zisizo na kosa. Viini vya manjano vya maua navyo vilitoka kimoja kimoja kwa kijiti kilichoviringishiwa pamba, na hiyo ndiyo iliyotuchosha. Sitasahau shangazi akihesabu kwa sauti ya chini, maua matano kwa bilauri, bilauri hamsini na sita.

Kisha akaanza upya kutia viini kwa rangi nyeupe, na hapo nilimwona fundi. Kwanza aliziosha bilauri zote kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akazisuuza, akazianika zikauka zenyewe bila kitambaa. Akapitisha pamba yenye spiriti sehemu ya kuchorwa, na tangu hapo hakuigusa tena kwa vidole. Aliingiza mkono wa kushoto ndani ya bilauri, akaishika kama mtu avaaye soksi. Mkono wa kulia aliuegemeza juu ya kitabu kinene ili usitetemeke. Kwa bilauri za chatu alikuwa amekata karatasi yenye mchoro, akaikunja ndani ya bilauri, picha ikaonekana kwa nje, naye akaifuata kwa brashi. Ufundi huu ni mzuri kwa mtu anayeanza, na sijui kwa nini sikuwahi kuuwaza. Rangi huchotwa kidogo na kuwekwa, haisuguliwi kwenda na kurudi kama ya mlango, kwa maana mpigo wa pili huivuta ile ya kwanza. Rangi moja ikishawekwa huachwa siku nzima kabla ya kutiwa nyingine juu yake. Ukikosea, usifute kwa kidole. Kijiti chenye pamba na tone la tapentaini kitaondoa kosa peke yake.

Watu wengi huiyeyusha rangi kwa mafuta ya taa kwa kuwa yapo jikoni. Yataiyeyusha, lakini rangi itakauka kwa shida, itabaki na uvutevute na harufu kwa siku nyingi. Petroli isisemwe kabisa.

Baada ya kumaliza, subira. Rangi ya mafuta huonekana imekauka baada ya siku moja, lakini ugumu wake huupata polepole, na wiki tatu si nyingi. Kwa bahati arusi ilikuwa baada ya wiki nne. Tungechelewa siku chache zaidi, wageni wangeshika rangi mbichi. Bilauri za shangazi zikapangwa katika chumba chenye hewa, zimefunikwa kwa chandarua kuzuia vumbi na inzi.

Msomaji wa mjini aliye na oveni anaweza kufanya vizuri zaidi. Zipo rangi zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kioo na kauri, ambazo huchomwa katika oveni ya nyumbani. Mojawapo ni Vitrea 160 ya kampuni ya Pébéo ya Ufaransa, ambayo huchomwa kwa nyuzi 160 muda wa dakika 40. Ziko ghali, lakini zikishachomwa hustahimili kuoshwa. Bilauri huingizwa oveni ikiwa baridi, ndipo moto uwashwe. Na dakika zikiisha moto huzimwa, bilauri zikaachwa humo humo hadi oveni ipoe, la sivyo zitapasuka. Akina mama wanaooka keki kwa mkaa juu na mkaa chini wameniuliza zamani kama chungu chao kingefaa. Joto lake ni gumu kulijua. Njia moja ni kuweka punje za sukari katika kifuniko cha bati ndani yake: sukari huyeyuka karibu na nyuzi 186, kwa hiyo ikianza kuwa maji, joto limepita kiasi. Chombo utakachochomea rangi kisirudi kupikia chakula. Nasisitiza pia kwamba rangi ya mafuta ya mlango haichomwi hata kidogo. Itatoa moshi mbaya, itageuka rangi, na yaweza kuwaka.

Hata rangi hizo bora, watengenezaji wengi hushauri zisipakwe ndani ya chombo wala mahali panapoguswa na mdomo au chakula. Uso wa nje, chini ya ile alama ya kidole gumba, ndio uwanja wa mchoraji. Ukitaka kuchora chombo kizima tangu kitako hadi ukingo, liko jagi la maua yasiyonywewa, iko taa ya chemni, ziko chupa tupu za soda na mvinyo ambazo hugeuka mapambo ya dirishani. Arusha, karakana ya Shanga, ambayo imewapatia kazi mafundi wenye ulemavu tangu mwaka 2007, huyeyusha chupa kuukuu na kupuliza bilauri na vyombo vipya. Rangi ya vyombo vile imo ndani ya kioo chenyewe, haina pa kubandukia. Nchi haikosi chupa tupu. Na kama ni bilauri yenye kuandikwa majina ya maarusi, majina yakae kati, yaonekane katika picha. Mdomoni hayasomwi na mtu.

Mwenyekiti wa kamati alikuja siku ya tatu kukagua. Alikuwa mzee wa makamo, mwenye adabu zake, akaamkiana na shangazi kwa kirefu, wakaulizana hali za ng'ombe na za mvua. Halafu akaichukua bilauri moja, akaigeuza, akauliza ulikokwenda mkufu. Shangazi alimweleza. Hakumtaja mtu wa magazeti kutoka mjini wala Shirika la Afya. Alimwambia tu kwamba rangi ile aliinunua bila kujua ilikotoka, na kwamba hawezi kumpa mtoto wa mtu chombo asichoweza kumpa wa kwake.

Mzee alifikiri. Akasema anaelewa, lakini kamati ilikuwa imekubali 3,500 kwa bilauri yenye ukanda, na wenzake watasema kazi imepunguzwa. Akatoa 3,000. Shangazi akasema 3,300. Mzee akatabasamu, akarudia 3,000, akiongeza kwamba za chatu atalipa bei ya kwanza kwa sababu hazijapungukiwa kitu cha kuonekana. Shangazi alinitazama mimi, halafu akatazama zile bilauri. Akakubali.

Jioni alifungua daftari. Bilauri 56 kwa 3,000 ni 168,000, nne kwa 3,500 ni 14,000, jumla 182,000. Ameongeza tapentaini ya 4,000. Faida imebaki 65,000, badala ya 97,000. Alipiga mstari chini ya hesabu hiyo kwa rula, kama alivyofanya tangu nikiwa mtoto, akafunga daftari bila kusema neno. Nilitaka kumfidia tofauti hiyo kutoka mfukoni mwangu. Alikataa katakata, akasema nikiacha fedha mezani ataituma Dar es Salaam kwa mtu wa basi.

Yule mdogo alilia jioni ile alipopewa maji katika kikombe cha plastiki. Nilimwahidi bibi yake atamwangalia daktari akipata nafasi ya kumpeleka, na amwambie wazi kuhusu ile bilauri. Wakati wanazungumza habari za chakula cha usiku, shangazi akachukua bilauri nyeupe iliyobaki, akaweka alama ya kidole gumba, akamchorea chatu mdogo chini kabisa, karibu na kitako, kwa rangi ya kijani kutoka kopo lenye alama. "Hii atainywea baada ya wiki tatu," aliniambia. "Kwa sasa alie tu."

Ile chupa ya soda yenye rangi ya manjano, na mfuko wa makombo tuliyoyakwangua, viko juu ya kabati chumbani kwake, vimefungwa kwa kamba. Si vitu vya kutupa shimoni wala mtoni, na kuvichoma moto ni kuirusha sumu hewani. Nimeahidi kumwulizia kwa maofisa wa mazingira mahali panapopokea takataka za namna hiyo. Nitakapopata jibu nitaliandika hapa, kabla ya mapazia.